Kumi na Mmoja Waliobaki Kapuni

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na wewe uliyesimama mlangoni na simu mkononi, ingia ukae nayo hiyo hiyo, maana leo nahubiri habari zake.

Msidhani mtu akiwa huku mbele haoni. Naona kila kitu. Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, benchi zima la vijana liliinamisha vichwa. Nikasema moyoni, asante Mungu wangu, hatimaye wanasali. Kumbe wanapanga vikosi! Nilipouliza baada ya ibada nikaelezwa kwa furaha kubwa, kama mtu aliyechelewa kupata habari njema. Kuna mchezo siku hizi wanauita fantasi. Wachezaji ni wa kweli, mechi ni za kweli, ila wewe hukanyagi uwanja. Unachagua kumi na mmoja wako kwenye simu. Wakifunga, unapata pointi. Wakiumia au mpira usipowafikia, unawatoa na kuweka wengine, wala hawajui kama umewatoa. Wazee, msikunje nyuso. Anayeongoza msimu huu ni mzee wa kanisa, na simtaji kwa sababu hivi sasa ananiangalia.

Sikuja kuwagombeza. Nilikwenda nyumbani nikiuwaza huo mchezo, nikapata mfano. Nisikilizeni.

Kulikuwa na mji mmoja wa nyanda za juu, mji wa baridi, wenye uwanja wa mpira nyuma ya soko. Kila mwaka timu za mitaa zilishindania kombe la kata. Sasa katika mji huo palikuwa na fundi simu mmoja, mchangamfu, mwenye maneno mengi. Akasema, kwa nini tuhangaike na wachezaji wa Ulaya ambao hata salamu hatujawahi kupeana? Tucheze fantasi ya watu wetu. Akafungua kundi kwenye simu, akaweka majina ya wachezaji wote wa kombe, akajifanya katibu. Goli lina pointi, pasi ya goli ina pointi, kipa asipofungwa ana pointi. Kila wiki ruhusa kutoa mmoja na kuweka mwingine. Mshindi wa msimu atapewa beberu.

Watu wakaupenda mchezo. Saluni wanabishana, buchani wanabishana. Hata kwaya wakianza mazoezi, sauti ya nne haipo, iko nje inapanga safu ya ulinzi.

Hapo nataka mshike jambo moja kuhusu ule mji, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kosa lililotokea. Usharika wao una desturi kama yetu. Kwaresma ikianza, mlangoni panawekwa kapu lenye majina ya washarika. Unachukua jina, na mtu huyo ni wako mpaka Pasaka. Unamwombea, unamtembelea, akiugua unakwenda, akiwa na njaa unapeleka chakula. Na ukishalichukua jina hulirudishi. Tena wana utaratibu mmoja mzuri kutuzidi sisi: anayetoka mwisho hachagui, anachukua yaliyobaki, ili jina la mtu lisilale kapuni.

Sasa yule fundi simu, kwa werevu wake, aliona watu wanapopatikana kwa wingi ni pale mlangoni baada ya ibada. Jumapili ya kwanza ya Kwaresma akasimama pale pale, karibu na kapu, anapaza sauti: "Chukueni kumi na mmoja wenu, jamani, mwisho ni leo!"

Akatoka mama mmoja, fundi cherehani, mjane, mtu wa kicheko kikubwa. Alikuwa amechelewa ndani akikusanya majoho ya kwaya yaliyochanika. Akasikia hilo tangazo, akashangaa.

"Kumi na mmoja? Mwaka jana si tulichukua mmoja mmoja?"

"Mwaka huu ni kumi na mmoja, mama," katibu akasema, akidhani anataniwa.

"Haya. Kwaresma ya mwaka huu imekuwa kali. Nani hawajachukuliwa?"

Katibu akaangalia simu. "Wapo, mama, lakini hao ni wabovu. Hakuna aliyewagusa."

"Basi nipe hao hao. Majina yasilale kapuni."

Mnacheka? Chekeni, hata katibu alicheka. Akamwandikia kikosi ambacho hakijapata kuonekana. Makipa wawili wa akiba. Beki mmoja anayevaa miwani, mvua ikinyesha haoni kitu. Kiungo mmoja ambaye timu yake humwita pale tu watu wasipotimia. Na mwisho kabisa, mshambuliaji mmoja, fundi baiskeli, ambaye goti lake lilikuwa limeumia.

Huyu wa goti ndiye ninayemtaka. Zamani alikuwa mfungaji wa kutajwa. Siku moja uwanja ulikuwa tope, akateleza, goti likageuka, na tangu hapo halikuwa tena goti la kukimbilia. Kocha hakumfukuza, akampa kazi nyingine: ingia dakika za mwisho, simama mbele, wabebe mabeki wawili mgongoni, wazuie, wenzako wapite. Ni kazi ngumu, mifupa inagongwa. Ila mpira wenyewe haumfikii. Wenzake walikwisha kuzoea kutompa. Na katika mchezo wa simu, kuwazuia mabeki hakuna pointi. Kwa hiyo wiki ya kwanza akapata sifuri, ya pili sifuri, ya tatu akaumia tena, sifuri. Yule mama akawa wa mwisho kwenye kundi, na hakuna aliyemkaribia.

Katibu akamwonea huruma. Akampitia dukani. "Mama, nakushauri kama mwanao. Huyu wa goti mtoe. Hana faida."

"Nimtoe na goti linamuuma?"

"Ndiyo sababu ya kumtoa, mama."

"Wewe kijana una mambo," mama akasema, akaendelea kushona.

Sasa angalieni huyo mama alivyoucheza mchezo wake. Kila Jumamosi alifika uwanjani na chupa kubwa ya uji wa ulezi na mfuko wa vikombe. Watu wake kumi na mmoja walikuwa wametawanyika timu zote, kwa hiyo mapumziko yakifika anakwenda upande huu anamimina, anavuka uwanja, anamimina upande wa pili. Refa akamwambia, mama, hawa ni maadui. Akamjibu, wanywe kwanza, uadui watauendeleza kipindi cha pili. Siku moja yule wa goti alianguka, na kabla daktari wa timu hajafunga kamba za viatu, mama alikuwa katikati ya uwanja, amepiga magoti kwenye tope, amevua kitambaa cha kichwa, anamfunga. Jioni zile za baridi alikuwa akimpitia pale anapotengenezea baiskeli, na maji ya moto yenye chumvi, anamkanda goti huku akimwimbia sauti ya pili ya wimbo ambao yule kijana hakuijua sauti yake ya kwanza.

Yule kijana alifikiri nini? Alikuwa akiona aibu. Alijua kuwa katika mji mzima ni mtu mmoja tu amemchagua, na mtu huyo anashika mkia kwa sababu yake. Kila kikombe cha uji alikinywa macho chini, akidhani ni kikombe cha mtu anayesubiri goli. Akajaribu kufunga. Akajilazimisha kukimbia, goti likavimba zaidi. Mwisho akasema, basi, imetosha. Timu yake ilikuwa imeingia fainali. Siku mbili kabla ya mechi akavifunga viatu vyake kwenye mfuko ili amrudishie kocha, aachane na mpira. Lakini akaona hawezi kuacha kimya kimya wakati yupo mtu anayemtegemea. Akapita kwanza kwa mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Goti?"

"Goti lipo. Mama, nimekuja na ombi. Nitoe."

"Nikutoe wapi?"

"Kwenye kumi na mmoja wako. Nafasi ya kubadilisha bado ipo mpaka kesho. Weka mwingine. Mimi nakuaibisha tu, mama. Tangu tuanze sijakuletea hata pointi moja."

Mama akaacha kukanyaga cherehani. "Sasa nikikutoa, Pasaka nitakwenda na watu kumi? Nikiulizwa yule mwingine yuko wapi, niseme nimempoteza njiani?"

"Pasaka? Mama, mchezo unaisha Jumamosi."

"Mchezo gani?"

Kijana akamwangalia. Ndipo akaanza kumweleza, pole pole. Pointi. Goli. Pasi ya goli. Beberu. Kwamba unachagua watu ili wakufungie, na wasipofunga unawatoa. Mama akasikiliza mpaka mwisho, uzi umemning'inia mdomoni.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo hao wengine wote waliochukua majina, hakuna aliyepeleka uji?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna aliyemkanda mtu?"

"Hakuna."

"Hata kuwaombea?"

"Walituombea tufunge."

Jamani, yule mama alicheka! Alicheka mpaka akashika meza ya cherehani, akafuta machozi na joho la mwimbaji wa sauti ya tatu. Kisha kicheko kikakatika, na akakasirika kweli kweli. "Yaani wamechukua majina ya watoto wa watu, wakayapa namba, basi? Wakiumia wanawatupa? Na ninyi mmekubali?"

Kijana naye alikuwa na swali lake. "Kwa hiyo, mama, mimi hukunichukua kwa ajili ya mpira?"

"Mpira! Mimi hata goli lenu silijui ni lipi, maana mkitoka mapumziko mnabadilishana. Nilikuchukua kwa sababu ulikuwa umebaki."

Nisimame hapa kidogo, wapendwa, kwa sababu kijana naye alisimama hapo hapo. Ulikuwa umebaki. Msimu mzima anakunywa uji akidhani anadaiwa goli. Kumbe uji ulikuwa uji. Kumbe yale maji ya moto yalikuwa kwa ajili ya goti, basi, hayakuwa kwa ajili ya Jumamosi. Hakuna aliyekuwa akimsubiri afunge.

Nawauliza ninyi. Wangapi hapa wanakunywa uji wa Mungu kwa aibu ile? Umeamka mzima. Mtoto aliyekuwa na homa anacheza nje. Mvua imekuja, mahindi yamesimama. Nawe umejikunyata kwenye benchi la nyuma unangoja uulizwe, goli lako liko wapi? Nani kakwambia utaulizwa? Ni sisi tuliokwambia, sisi wenye kundi la simu!

Haya, turudi uwanjani, najua hamtanisamehe nisipofika fainali.

Kijana hakuvirudisha viatu. Alitoka pale dukani anacheka peke yake barabarani, watu wakadhani amekunywa kitu kingine. Jumamosi ikafika, ukungu umeshuka, mvua nyepesi, uwanja umejaa. Mechi ikawa ngumu, hakuna aliyefunga. Karibu na mwisho kocha akamwita, akaingia na kitambaa cha mama kwenye goti. Na wote walioona wanasema siku ile hakucheza kama mtu anayetafuta kitu. Alicheza kwa raha. Ikaja kona. Yeye hawezi kuruka, akafanya kazi yake: akasimama, akawaweka mabeki wawili mgongoni, wakamsukuma, wakamkanyaga, hakusogea. Mpira ukapita juu ya kichwa chake, wala haukumgusa. Nyuma yake mwenzake alikuwa amebaki peke yake kabisa kwa sababu mabeki wote wako kwa yule wa goti. Kichwa. Goli!

Uwanja ukalipuka. Yeye alikuwa chini, amelaliwa na mabeki wawili, tope mpaka masikioni, anacheka.

Kombe likatolewa. Kisha katibu akapanda juu ya meza na kipaza sauti, kusoma pointi za mwisho za fantasi. Akasoma mfungaji, pointi nyingi, watu wakashangilia. Akasoma aliyepiga kona, pointi, wakashangilia. Akaendelea kushuka, watu wakaanza kuondoka, maana nani husubiri kusikia walioko chini? Akafika kwa yule wa goti. Akamtaja jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake, kisha akasema, "Sifuri."

Na pale kwenye ukungu kikasikika kigelegele.

Kigelegele kirefu, cha harusini! Watu wakageuka. Ni mama fundi cherehani, chupa ya uji kwapani, amefumba macho, ulimi unacheza. Katibu akadhani hajasikia vizuri. Akarudia kwenye kipaza sauti, kwa upole, "Mama, nimesema sifuri."

"Nimesikia, mwanangu! Si umemtaja?"

Katibu akasoma anayefuata, beki wa miwani. Sifuri. Kigelegele. Kipa wa akiba, hakucheza hata dakika moja. Sifuri. Kigelegele! Wanawake waliokuwa wanaondoka wakarudi. Hawakuelewa, lakini nani ataacha shangwe ipite bila yeye? Wakamsaidia. Mpaka jina la mwisho linasomwa, uwanja mzima unashangilia sifuri, na yule wa goti amesimama katikati ya tope, kofia ya mtu kichwani, analia na kucheka kwa pamoja.

Mnaniuliza beberu alikwenda kwa nani? Alikwenda kwa mwenye bucha. Alishinda kwa haki, mwacheni amle.

Sasa wapendwa, nawauliza, tangu nimeanza mmejiweka wapi katika mfano huu? Nawajua. Wengi mmekaa kwenye kiti cha kuchagua. Mlikuwa mnapima: mimi ningemtoa, mimi ningemvumilia wiki moja zaidi. Wengine wema zaidi mmejiona ndio mama, mmebeba uji. Hakuna! Hicho kiti si chetu. Sisi ndio tuliobaki kapuni. Sisi ndio wenye goti. Wengine goti lao ni pombe, wengine ni ndoa, wengine ni hasira, na mchungaji wenu analo la kwake, muulizeni mama mchungaji. Tulikuwa pale chini ya kapu, watu wamekwisha kuchagua wazuri wao wamekwenda zao, akaja Mmoja akauliza, nani hawajachukuliwa? Nipe hao.

Na akishachukua harudishi!

Siku inakuja ambayo majina yatasomwa. Mnaiogopa siku hiyo kwa sababu mnadhani mnasubiri namba. Mimi nasema hivi: utasikia jina lako, la kwako, la baba yako na la babu yako, na kabla hujainamisha kichwa kuona aibu ya namba, utasikia kigelegele. Hicho ndicho ninachokihubiri. Kama kuna injili nyingine mimi siijui.

Lakini msitoke mnacheka tu. Mtu aliyechukuliwa hivyo anaishije? Jumapili ya kwanza ya Kwaresma, mlango ule pale, kila mmoja wetu alichukua jina. Tieni mikono mifukoni. Ndiyo, sasa hivi. Akina mama, fungueni mikoba. Nani jina lake bado limekunjwa vile vile? Nani hata hajalisoma? Lisome. Huyo mtu yuko humu ndani au yuko kitandani nyumbani kwake, na ameshajua kuwa hujaja.

Wengine mmekuwa mkininong'oneza, mchungaji, yule kijana wa goti aliitwa nani? Sikulitaja makusudi. Weka la kwako. Kisha, ukishaliweka la kwako, soma lile lililoko mkononi.

Umoja wa Wanawake wamepika uji, sufuria kubwa liko pale nje chini ya turubai. Sitaki mtu anywe kabla hajamimina kikombe kimoja akampelekea mwenye jina lake. Nendeni nacho kikiwa bado cha moto. Na ukifika kwake, tafadhali, usimuulize amefunga ngapi.